Asilimia 100 ya Wangapi? Mastaa Wanaopigia Debe Shule Wajibu Hili Kwanza

Msimu wa kuandikisha watoto shule ukifika, mjini pananoga. Kuna staa mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni, mwenye wafuasi wa kuujaza Uwanja wa Mkapa mara kadhaa, huwa hakosi dili la shule. Safari hii kaposti picha kavaa sare za watoto, nywele kasuka twende kilioni, chini kaandika: "Ufaulu asilimia 100! Mleteni mtoto, msije mkasema hamkuambiwa." Makopa kibao, moto kibao.

Kwenye komenti, mdau mmoja wa Chamazi akauliza kitu kidogo tu: "Asilimia 100 ya watoto wangapi?"

Weee! Chawa wakamshukia kama mwewe kwenye vifaranga. "Wivu huo." "Huna ada, kaa kimya." Baada ya nusu saa jamaa akawa keshapigwa block. Mjadala ukafungwa kibabe.

Sasa, yule jamaa ndiye pekee aliyeongea la maana pale. Maana kwa post kama ile, kuna mama lishe wa Mbagala Rangi Tatu anakwenda kukopa vikoba ili mwanaye atoke shule ya kata aingie hiyo ya "asilimia 100". Staa akishalipwa chake anahamia kwenye tangazo la wigi. Mama anabaki na marejesho kila wiki.

Tufanye hesabu ya darasani kabisa. Chukulia shule ina watahiniwa 12, wote wakafaulu. Asilimia 100, bango juu. Mwaka unaofuata wawili wakateleza, mmoja malaria, mwingine kafiwa. Ghafla ufaulu ni asilimia 83. Walimu walewale, madawati yaleyale. Shule ya pili ina watahiniwa 240, nao wakateleza wawili vilevile. Hiyo bado ipo asilimia 99. Kwenye kundi dogo, mtoto mmoja anatikisa hesabu nzima.

Ni kama kurusha sarafu. Irushe mara 4, kupata vichwa vitupu ni nafasi 1 kati ya 16, yaani kwenye kijiwe kimoja cha bodaboda si ajabu apatikane wa kuipata. Irushe mara 20, nafasi inakuwa 1 kati ya milioni 1 na ushee. Ndiyo maana ukipanga shule kwa asilimia, shule ndogo zinajazana juu kabisa, na shule ndogo nyingine zinajazana chini kabisa. Bahati tu inazirusha huku na kule. Ila waliokaa chini hawachapishi mabango.

Baraza la Mitihani, NECTA, walikuwa wanalijua hilo. Enzi za kutangaza shule bora za kidato cha nne, walikuwa wanatenganisha shule zenye watahiniwa 40 na kuendelea na zile zenye chini ya 40. Halafu Januari 2023 wakaacha kabisa kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Baraza limejitoa kwenye huo mchezo, mastaa ndiyo kwanza wanauingia.

Na hapo hatujagusa mchujo. Kila mzazi wa mjini anaijua hii: mtoto mzito anaambiwa arudie darasa au atafutiwe shule nyingine kabla ya mwaka wa mtihani. Wanaobaki ndio wanaohesabiwa. Ukishawatoa wote unaohisi watafeli, asilimia 100 inakuwa kipimo cha ukali wa getini. Ubora wa walimu utausikia kwenye bomba.

Tukitoka kwenye mabango kuna balaa la pili. Mhamasishaji mmoja wa pande za Mikocheni, naye jina kapuni, aliweka kura kwenye stori yake: viboko vinamsaidia mtoto kufaulu, ndiyo au hapana? Maelfu wakabonyeza. Kesho yake yuko jukwaani na suti ya bluu, anasema "utafiti unaonyesha". Utafiti upi, kaka? Waliojibu ni wenye simu janja, wenye bando, wanaomfuata yeye, na waliokuwa macho saa tano usiku. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Temeke na watu 1,346,674 na Kinondoni na watu 982,328. Bibi wa Charambe mwenye kiswaswadu yumo humo. Kwenye kura ya stori hayumo, na anaweza kuwa ndiye anayelea wajukuu watano.

Mtetezi atasema: lakini waliojibu ni wengi! Wingi peke yake hausaidii. Mwaka 1936 huko Marekani, jarida la Literary Digest lilipata majibu ya watu zaidi ya milioni 2 kuhusu uchaguzi wa rais, likatangaza kwamba Alf Landon anashinda. Franklin Roosevelt akamgaragaza, akachukua majimbo 46 kati ya 48. Kosa? Majina mengi yalitolewa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, kipindi cha mdororo wa uchumi ambapo fukara hakuwa na simu wala gari. Wakati huohuo George Gallup aliuliza watu wachache zaidi sana, ila akahakikisha kila tabaka limo, akapatia.

Muuza supu ya pweza anaelewa hii kuliko mhamasishaji. Sufuria iwe ndogo au kubwa, kijiko kimoja kinatosha kujua chumvi, mradi ameikoroga. Asipokoroga, hata akinywa bakuli zima la juujuu ataambulia maji. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wanatoa jibu linalopishana na ukweli kwa takriban asilimia 3 tu juu au chini. Wafuasi 100,000 waliojileta wenyewe hawana uhakika wowote.

Haya si makosa ya wabongo peke yao. Mwaka 1993, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Irvine waliwasikilizisha Mozart wanafunzi 36 wa chuo, wakaona alama za jaribio la kupanga maumbo zimepanda kidogo, tena kwa dakika 10 hadi 15 tu. Dunia ikalipuka: "Mozart anaongeza akili ya mtoto!" Mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia akaomba dola 105,000 ili kila kichanga kipewe muziki huo. Wanafunzi 36, watu wazima, robo saa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna walikusanya tafiti takriban 40 zenye washiriki zaidi ya 3,000. Mozart hakuonekana kuwa na maajabu yoyote kuliko muziki mwingine. Lakini pita leo kwenye kurasa za mama-watoto maarufu, utakuta bado kuna spika ya kuwekwa tumboni inauzwa kwa jina hilohilo.

Wala isisemwe kwamba kazi safi haiwezekani huku kwetu. Uwezo walipoanza kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto wa Tanzania mwaka 2010, walikwenda nyumba kwa nyumba. Kwa kwenda nyumbani walimkuta hata mtoto aliyeacha shule, ambaye bango la shule haliwezi kumhesabu.

Twaweza nao, kwenye KiuFunza mwaka 2013 na 2014, waliingiza shule za msingi 350 kutoka wilaya 10. Kura ikaamua: shule 70 zilipewa ruzuku, 70 walimu wao waliahidiwa bonasi mtoto akifaulu, 70 zikapata vyote viwili, na 140 hazikupewa kitu ili ziwe za kulinganishia. Jibu likawashangaza wengi: ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Bonasi peke yake ilionyesha dalili za kusaidia. Vyote viwili kwa pamoja ndivyo vilivyopandisha waziwazi. Kama wangepeleka hela kwenye shule tatu za washkaji na kupiga picha watoto wakicheka, leo kila mtu angeapa kwamba ruzuku inatosha. Zile 140 ambazo hazikupata kitu ndizo zilizofanya ukweli uonekane.

Kuna watakaosema staa anatafuta riziki, mzazi ana akili zake. Riziki sawa. Lakini staa analipwa kwa sababu anaaminika, na anayeaminika akisema "asilimia 100" anakuwa ametia saini. Kumuuliza mwenye shule maswali matatu hakupunguzi hata shilingi kwenye dili: walifanya mtihani wangapi, wangapi walianza nao kidato cha kwanza, na ikilinganishwa na shule zipi zenye watoto wa aina hiyohiyo? Matokeo ya NECTA yako wazi mtandaoni, shule kwa shule. Kuhesabu watahiniwa ni kazi ya dakika mbili, pungufu ya muda wa kuchagua filta.

Shule iliyo nzuri kweli itajibu kwa furaha na kuomba iandikwe kwenye post. Inayokasirika kuulizwa imeshajibu.

Na yule mdau wa Chamazi afunguliwe block yake. Mama wa Rangi Tatu anasubiri jibu kabla hajakwenda kusaini mkopo.

Je mdau, shule ya mwanao au ya mdogo wako ilitangaza asilimia ngapi, na ya watoto wangapi? Dondosha hapo chini.