Kiungo cha Betri Kiingie Darasani

Gari la kuchezea linaloongozwa kwa redio si ajabu tena katika nyumba za Mbeya na Iringa. Taabu huanza siku betri yake ya asili inapokufa. Betri nyingine yenye kiunganishi cha namna ile ile ni shida kupatikana dukani. Basi mwenye gari hukata nyaya, huchuna plastiki kwa meno, husokota shaba kwa vidole na kufunga kwa kipande cha nailoni. Gari hutembea hatua chache, kisha hulegea, na kiungo huwa cha moto. Mtoto huambiwa kwamba betri ni mbovu. Mara nyingi betri haina kosa. Kosa limo katika kiungo.

La kusikitisha ni kwamba mtoto huyo huenda amekwisha kupata alama nzuri katika swali la Kanuni ya Ohm. Katika michoro ya vitabu waya ni mstari usio na ukinzani, na kiungo ni nukta tu. Katika maisha ya kweli hakuna nukta ya namna hiyo. Kila mahali ambapo waya hukutana na waya pana ukinzani, mkubwa au mdogo kwa kadiri ya kazi ya mikono iliyowaunganisha. Kwa hiyo yapasa shule za sekondari zifundishe kiungo kwa uzito ule ule zinaofundishia kanuni yenyewe.

Hesabu yake si ngumu. Mathalan gari lina betri ya nikeli yenye seli 6, kila seli volti 1.2, jumla volti 7.2. Mota inapokaza mwendo mkondo waweza kufika ampia 10. Ikiwa kiungo cha upande wa chanya na kile cha hasi kila kimoja kina ukinzani wa omu 0.05, kila kimoja kitakula volti 0.5. Hivyo volti 1 nzima, karibu sehemu moja ya saba, haifiki kwenye mota. Nayo haitoweki: hugeuka joto la wati 5 katika kila kiungo, mahali pasipozidi ncha ya kidole. James Joule alionyesha mwaka 1841 kwamba joto hilo hufuata mraba wa mkondo; mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara 4. Kiungo kilicholehemiwa vizuri chaweza kuwa na ukinzani wa omu 0.001 tu, na joto lake katika mkondo ule ule ni wati 0.1.

Anayedhani kwamba hayo ni mambo ya watoto na atazame asubuhi ya baridi ya mwezi Juni katika mji wa Mafinga au Mbeya. Gari la mizigo lenye betri ya volti 12 linakataa kuwaka. Oili imekuwa nzito, betri imedhoofishwa na baridi, na mota ya kuwashia injini yadai ampia 200. Kiungo cha betri kilichoota ukungu wa kutu, chenye ukinzani wa omu 0.01 tu, kitanyang'anya volti 2. Dereva hununua betri mpya, hali kiungo kilihitaji kusuguliwa kwa brashi ya waya na kukazwa.

Ndivyo ilivyo pia katika nyumba za vijijini zenye umeme wa jua. Taa na vyombo vya wati 60 huhitaji ampia 0.26 hivi katika umeme wa volti 230, lakini katika volti 12 huhitaji ampia 5. Kadiri volti zinavyopungua ndivyo mkondo unavyokua, na ndivyo kiungo kibovu kinavyodhuru. Mwanafunzi aliyelielewa gari la kuchezea amekwisha kuielewa nyumba hiyo.

Wako walimu watakaosema kwamba muda hautoshi, mtihani unakaribia, na mambo ya betri yana hatari. Kuhusu mtihani, jibu ni jepesi. Jaribio la kutafuta ukinzani wa ndani wa seli huharibika upesi sana pale vibanio vinapolegea; anayejua kuunga atapata vipimo vya kuaminika. Kuhusu hatari, watoto wanaunga tayari, tena bila mwalimu. Wengine hutumia seli za lithiamu kutoka simu na kompyuta zilizokufa. Seli ya namna hiyo ikichajiwa kupita kiasi, ikitobolewa au ikipigwa shoti, yaweza kuwaka moto. Hatari hiyo ndiyo sababu ya kufundisha.

Somo lenyewe lahitaji vifaa vichache: seli 3 za tochi, mota ndogo ya redio ya kaseti iliyoharibika, na voltimita. Wanafunzi waunge kwa kusokota, kisha kwa skrubu, kisha kwa kulehemu. Kila mara wapime volti zinazopotea kati ya upande mmoja wa kiungo na wa pili mota ikizunguka. Wajifunze kukata waya mmoja mmoja, kwa maana koleo likikata nyaya mbili za betri kwa pamoja hupiga shoti. Wajifunze kutochanganya mwekundu na mweusi, kuweka fyuzi karibu na betri, na kutolehemu kamwe juu ya seli ya lithiamu.

Tangu mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea ilionya dhidi ya elimu inayotukuza vitabu na kudharau mikono. Mbeya ilipata chuo chake cha ufundi mwaka 1986, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Lakini kijana hawezi kungoja hadi afike huko ndipo ashike chuma cha kulehemu. Fundi redio wa mtaani aalikwe shuleni kwa saa moja, aonyeshe kazi yake, na mwalimu aieleze kwa hesabu. Wote wawili watajifunza.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Kiungo ni kidogo kuliko mwiba, na kinachodharauliwa hapo chaweza kuunguza nyumba.