Mkulima wa pamba, usimuue mlinzi wako

Ndugu mkulima, ukiona mdudu mwekundu mwenye mabaka meusi kwenye vitumba, mbio unafuata bomba la dawa. Nakuambia wazi: si kila mwekundu ni kangambili.

Kangambili hufyonza mbegu na kutia madoa kwenye pamba, ukifika sokoni unaambiwa ni fifi. Lakini ndani ya kundi lake wakati mwingine yumo kunguni muuaji mwenye rangi zilezile. Hutembea nao kama ndugu yao, kisha humchoma mmoja, humtia mate yanayompooza na kuyeyusha nyama za ndani, na kumfyonza mpaka libaki ganda.

Watofautishe hivi: mdomo wa kangambili ni mrefu, mwembamba, umelala chini ya mwili. Wa muuaji ni mfupi, mnene, umepinda kama ndoano, na kichwa chake ni chembamba chenye shingo. Usimshike kwa mkono, anauma vibaya.

Nawe mwenye duka la pembejeo, acha kumwambia mteja "piga kila wiki." Dawa inayoua kila mdudu inaua na mlinzi. Kangambili atarudi upesi, muuaji atachelewa, na mkulima atalipa mara mbili: dawa, kisha bei ya fifi.

Kagua shamba kwanza. Chuma mapema pamba iliyopasuka. Ukimaliza mavuno, ng'oa masalia uyachome. Dawa iwe ya mwisho, isiwe ya kwanza.