Baba amerudi mzima, lakini halali

Mama mmoja wa Mikumi alinieleza kuhusu mumewe, dereva wa lori aliyepata ajali kwenye barabara inayokatiza hifadhi. "Mwili mzima, mwanangu. Ila usiku anaruka kitandani anapiga kelele, watoto wanakimbilia kwangu." Majirani wanasema karogwa.

Wazazi, hali hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa kazini. Tangu 2010 Shirika la Kazi Duniani limeuweka msongo mkali unaofuata tukio la kutisha kwenye orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi. Hapa kwetu upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Anayechangia ni mwajiri peke yake, kwa hiyo baba asiambiwe "hukuchangia".

Kazi ipo kwenye ushahidi. Mguu uliovunjika unaonekana kwenye eksirei. Ndoto mbaya hazionekani. Mpelekeni hospitali mapema, Kilosa au Morogoro, amweleze daktari kwamba yalianza baada ya ajali akiwa kazini, na daktari aandike hivyo. Mwajiri naye apewe taarifa kwa maandishi ndani ya miezi 12.

Yule mama yuko mwezi wa tisa. Barua bado haijaandikwa.