Maneno yametafsiriwa, namba zimesahauliwa

Mtoto akiwa na homa ya nyuzi 40, mama aliyekulia Bukavu, Kigoma au Mombasa anajua kwamba hilo si jambo la kusubiri asubuhi. Hapa Marekani kipimajoto cha dukani kinamwonyesha 104. Homa ni ile ile, lakini namba haimwambii kitu. Akimpigia nesi simu akasema "arobaini", nesi naye anashangaa, maana 40 ya Farenhaiti ni ubaridi wa ndani ya friji.

Wapo watakaosema mgeni ajifunze. Kalamu ndiyo iliyonitoa kwetu, na miaka yote ya ukimbizini nimekuwa nikiambiwa nijifunze. Sikatai. Lakini karibu dunia nzima inapima kwa Selsiasi. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya vipimo vya metriki mwaka 1975, ikawa ya hiari, na bodi iliyopewa kazi hiyo ikavunjwa mwaka 1982.

Tena ile 98.6 wanayoiita joto la kawaida la mwili inatokana na 37 ya Selsiasi, iliyotangazwa na daktari Mjerumani Carl Wunderlich mwaka 1868. Vivyo hivyo 100.4, mpaka wa homa, ni 38 iliyobadilishwa. Hospitali basi inavijua vipimo vyote viwili. Iweje impe mzazi karatasi iliyotafsiriwa Kiswahili fasaha, halafu namba iachwe ya Farenhaiti peke yake? Namba ndiyo inayomwambia akimbilie hospitali au abaki nyumbani. Kuandika 38 kando ya 100.4 ni gharama ya tone la wino. Wakalimani na viongozi wa jumuiya zetu walidai hilo.

Wakati tukidai, ndugu msomaji, tusikae bure. Chukua namba ya Farenhaiti, toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Kwa 104 unabaki na 72, halafu 360, jibu 40. Vipimajoto vingi vya betri vina njia ya kubadili kipimo; mwombe mfamasia akuonyeshe. Kisha bandika haya kwenye mlango wa friji: 37 ni 98.6; 38 ni 100.4, 39 ni 102.2, 40 ni 104. Na kichanga cha chini ya miezi mitatu akifika 38, piga simu kwa daktari saa hiyo hiyo.

Homa ya mtoto haingoji mzazi amalize hesabu.