Kabla hujamcheka jirani aliyefungwa, hesabu jamaa zako Tanga

Hebu nikuulize, msomaji. Ijumaa ile ya Agosti 22, 2025, saa mbili usiku, wewe ulikuwa upande wa nani?

Saa kumi na moja jioni swali hilo halikuwepo. Harambee Stars walikuwa Kasarani wakicheza na Madagascar, robo fainali ya CHAN, na kisiwa kizima cha Mombasa kilikuwa Kenya. Pale ninapotazamia mpira mimi, barazani Kibokoni, runinga ilitolewa nje mapema na viti vya plastiki vikajaa hadi njiani, bodaboda wakawa wapita kwa taabu. Hata muuza kahawa aliweka dele lake chini akatafuta pa kusimama.

Unayajua yaliyofuata. Alphonce Omija akatufungia mapema kipindi cha pili, watu wakakumbatiana na wasiowajua. Madagascar wakasawazisha kwa penalti. Muda wa ziada ukaisha 1-1, tukaingia kwenye matuta, tukalala 4-3. Baraza likanyamaza kama nyumba yenye matanga.

Lakini usiku haukuishia hapo. Saa mbili ilikuwa zamu ya Tanzania, uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, dhidi ya Morocco. Wengi walienda zao. Waliobaki, wengine walibaki kwa sababu kahawa ilikuwa bado ya moto, wengine kwa sababu hawakuwa na hamu ya kurudi nyumbani na huzuni. Kipindi cha pili Morocco wakafunga, na nusu ya baraza ikaruka kwa shangwe. "Nao pia waende nyumbani!" akapiga kelele kijana mmoja aliyevaa jezi ya Kenya.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu magharibi akamgeukia. "Wanangu, mwashangilia nini? Bao hilo latupeleka wapi sisi?"

Hakuna aliyemjibu. Kusema kweli, mimi pia nilikuwa nimeanza kuinua mikono.

Fahari au kinyongo?

Hilo swali la mzee nimekaa nalo tangu siku ile, manake halina jibu jepesi. Bao lile halikuturudisha Kenya kwenye mashindano. Halikumpa Omija nafasi nyingine. Tulichopata ni faraja ya kuona mwenzetu naye ameumia.

Na kumbuka Morocco ni nani. Siku 12 kabla ya hapo, Agosti 10, sisi ndio tuliowafunga 1-0 Kasarani kwa bao la Ryan Ogam, tukicheza kipindi chote cha pili tukiwa wachezaji kumi. Hao Morocco walichukua kombe, na katika mashindano yote hakuna timu nyingine iliyowafunga. Hiyo ndiyo fahari, ndugu yangu. Ile unaweza kumsimulia mwanao. Ushindi ule haukuhitaji mtu mwingine aanguke ndipo uwe mtamu.

Mimi nasema hivi: fahari ya taifa huwezi kuipima siku mnayoshinda. Siku hiyo kila mtu ni mzalendo. Ipime timu yako ikishatoka, au wimbo wa taifa wa wenzako unapopigwa na wewe una kifua cha kuzomea na sababu ya kuzomea unayo.

Kwa nini nakupeleka Dublin

Sasa twende mbali kidogo, kwa mashabiki wa raga wa Ayalandi. Usinielewe vibaya. Sisemi Wazungu wana adabu kutuzidi. Mashabiki wa soka wa Ulaya wametuonyesha vituko vya kutosha. Nawataja Waayalandi kwa sababu tatizo lao lafanana na letu la Pwani kuliko unavyodhani.

Kisiwa cha Ayalandi kina serikali mbili. Kusini ni Jamhuri, na Kaskazini ni sehemu ya Uingereza. Watu wameuana kwa miaka mingi juu ya bendera gani ipepee wapi. Lakini timu ya raga ni moja. Chama chao cha raga kiliundwa mwaka 1879, kisiwa kikiwa bado hakijagawanywa, na kilipogawanywa chama kikakataa kugawanyika. Kwa hivyo kwenye jezi ile ya kijani utamkuta mchezaji wa Dublin anayeuona wimbo wa Jamhuri kuwa wake, na pembeni yake mchezaji wa Belfast ambaye nyumbani kwao hauimbwi.

Wakafanya nini? Mwaka 1995 wakaanza kutumia wimbo wa timu, Ireland's Call, ambao hautaji serikali yoyote. Wakicheza nje, huo tu ndio unaopigwa. Wakicheza Dublin, unapigwa wa Jamhuri kisha huo. Wapo wasioupenda, wauona wa kulazimisha. Wanaimba hivyo hivyo, bega kwa bega.

Halafu kuna Februari 24, 2007. Uwanja wao wa raga ulikuwa ukijengwa upya, wakaazimwa Croke Park, uwanja wa michezo ya jadi ya Ayalandi. Mgeni alikuwa Uingereza. Mahali pale pana damu: Novemba 21, 1920, askari wa Mwingereza waliingia uwanjani watu wakitazama mpira, wakafyatua risasi, wakaua watu 14, mmoja wao mchezaji. Sasa miaka 86 baadaye, wimbo wa malkia wa Uingereza utapigwa kwenye nyasi zile zile, mbele ya watu zaidi ya 80,000.

Kila mtu alingoja kuzomewa. Wimbo ukapigwa mwanzo hadi mwisho, uwanja ukatulia, ulipoisha watu wakapiga makofi. Kisha wakaimba zao, wachezaji wengine machozi yakiwatoka, na Ayalandi ikaipiga Uingereza 43-13.

Nyamaza, kisha mchape. Hapo hakuna unyonge wowote. Waayalandi hawakusahau 1920 siku ile, na hakuna aliyewaambia wasahau. Walichokataa ni kumfanya kijana wa Kiingereza aliyezaliwa miongo mingi baadaye alipe deni lile kwa kuzomewa.

Wana desturi nyingine pia. Limerick, kwenye uwanja wa Thomond Park, mpiga mpira wa timu pinzani anapojiandaa kulenga nguzo, maelfu ya watu hunyamaza kabisa. Unaweza kusikia mtu akikohoa. Mwenyeji anamwachia mgeni afanye kazi yake, akikosa iwe amekosa mwenyewe.

Malaika si wao, lakini. Walipoifunga Afrika Kusini 13-8 jijini Paris, Kombe la Dunia la 2023, mashabiki waliimba wimbo Zombie wa bendi ya The Cranberries kwa furaha, na kule nyumbani ukazuka ubishi mkali. Wimbo ule ulitungwa baada ya bomu lililoua watoto Uingereza mwaka 1993, na wapo waliouliza kama uwanja wa raga ndio mahali pake. Nalitaja hilo kusudi. Wenzetu hawajamaliza somo. Tofauti ni kwamba wanaulizana.

Sisi wa moyo wa watu wawili

Rudi sasa Mji wa Kale. Tembea Ndia Kuu kutoka Fort Jesus ukishuka, uliza kila nyumba wana jamaa wapi. Utaambiwa Lamu, Pemba, Unguja, Tanga, Dar. Ukanda huu wa Pwani ulihesabiwa mali ya Sultani wa Zanzibar hadi yalipotiwa saini mapatano ya Oktoba 1963, wiki chache kabla ya uhuru. Na si zamani sana, miaka ya 2010 hadi 2012, maneno "Pwani si Kenya" yalikuwa midomoni mwa watu na kwenye kuta.

Huna haja ya kukubaliana nayo ili uelewe yalikotoka. Hata hiyo CHAN: mechi zote za Kenya zilichezwa Nairobi, Kasarani na Nyayo. Tanzania walipeleka mechi Zanzibar, uwanja wa Amaan. Mtoto wa Unguja alitembea kwa miguu kwenda kuona Afrika. Mtoto wa Mombasa, mji uliotoa bingwa wa ligi ya Kenya tangu 1965, Feisal, aliitazama kwenye runinga barazani.

Ndiyo maana ile shangwe ya Ijumaa saa kumi na moja ilinigusa. Watu wenye malalamiko ya haki waliweka malalamiko pembeni, wakavaa jezi. Uzalendo kama ule haukununuliwa na mtu. Na ndiyo maana ile shangwe ya saa mbili ilinivunja moyo, manake kati ya walioruka wapo ambao shangazi yao yuko Tanga analia.

Tumewahi kuwa waungwana kuliko hivyo. Desemba 2017, fainali ya CECAFA Machakos, Kenya dhidi ya Zanzibar. Mechi iliisha 2-2, Kenya ikashinda kwa matuta 3-2. Nakumbuka nyumbani kwetu mjomba alikuwa Zanzibar na sisi watoto Kenya, na utani ulipigwa hadi usiku wa manane. Lakini ulikuwa utani, yaani ule wa mtu unayempigia simu asubuhi yake kumwuliza amelalaje. Kejeli hazina simu ya asubuhi. Siku hizi Wakenya na Watanzania tunarushiana maneno mtandaoni kutwa kucha, na mengine yachekesha kweli, sikatai. Ila kuna mpaka, na tukiuvuka huwa twajua.

Bei ya kukosa uungwana

Labda wewe wasema haya ni maneno ya wazee wa kahawa. Haya, tuzungumze hasara.

Wakati wa CHAN, watu wasio na tiketi walilazimisha kuingia Kasarani. CAF ikaionya Kenya, ikaitoza faini, kisha kwa mechi ya Zambia ikapunguza mashabiki hadi 27,000. Uwanja una nafasi kubwa zaidi ya hapo. Kwa hivyo aliyekuwa na pesa zake za halali na hamu ya kuimba alikosa kiti kwa sababu ya mwenzake aliyepanda ukuta kwa jina la kupenda Kenya. Timu ilishinda 1-0, lakini sauti iliyowabeba vijana wale ilikuwa imekatwa na mashabiki wenyewe.

Sasa mbele yetu kuna AFCON ya 2027, ambayo Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja. Kwa pamoja, umesikia? Huwezi kuwa mwenyeji na mtu huku unaomba afungwe kila usiku. Mashabiki wa nchi tatu hizi watavuka mpaka Lungalunga na Namanga kwa mabasi, watalala kwa jamaa, watakula mahamri na mbaazi zetu. Tutawapokea vipi?

Sikwambii ushangilie Tanzania. Wala sikwambii ufiche uchungu ukifungwa. Lia, zima simu, nenda ukakae Mama Ngina utazame bahari. Mtanie binamu yako akifungwa, naye akutanie. Nakuomba mambo mawili tu. Wimbo wa wenzako ukipigwa, nyamaza hadi uishe, hata kama uko barazani na hawakusikii. Na timu yako ikishatoka, jiulize swali la yule mzee kabla hujaruka: bao hilo lanipeleka wapi?

Wahenga walishasema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Walisema pia uungwana ni vitendo. Neno uungwana ni la kwetu, limezaliwa Pwani hii. Ingekuwa aibu tuanze kuliazima kutoka Limerick.

Yule kijana wa jezi, kwa taarifa yako, alibaki hadi kipenga cha mwisho. Tanzania walipotoka 1-0 hakuruka tena. Alinunua vikombe viwili vya kahawa, kimoja akampelekea mzee.