Unapomtafuta Nguruwe, Tazama Chini



Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, watu wengi wa Rufiji na Lindi huhama nyumba zao. Wanapiga kambi shambani. Wanajenga dungu, wanabeba mkeka, sufuria na debe la kupigia kelele. Usiku wanamtafuta nguruwe mwitu. Wengi wao ni Waislamu, nyama yake hawaili. Wanalinda mahindi na mihogo yao tu.

Tunawaelewa. Nguruwe huja usiku, tena kwa kundi. Anaangusha mahindi. Anafukua mihogo kwa pua. Kazi ya miezi mingi inakwisha usiku mmoja.

Lakini iko habari moja. Ijue kabla hujaenda kulala huko. Humtafuti nguruwe peke yako. Simba naye anamtafuta.

Mahali penye mashamba mengi, swala na pundamilia hupungua. Nguruwe hubaki. Mchana anajificha vichakani, usiku anakula mazao yetu. Basi simba mwenye njaa humfuata hadi shambani. Akifika anakuta nini? Anakuta mtu amelala. Wataalamu walihesabu vifo hivyo. Tangu mwaka 1990 hadi 2004, simba waliua watu zaidi ya 560 katika Tanzania. Rufiji na Lindi ziliumia sana. Na watu wengi walishambuliwa wakati wa mavuno, yaani wakati huo huo wa kulala kwenye madungu.

Basi jioni, kabla ya giza, zunguka shamba pamoja na mwenzako. Tazama chini. Nguruwe ana kwato, na mahali alipofukua utapaona. Simba hana kwato. Unyayo wake ni mpana kama kiganja cha mtu mzima. Una vidole vinne, na kucha hazionekani. Mbwa na fisi kucha zao huonekana. Usichanganye.

Ukiona unyayo wa simba, usilale hapo hata usiku mmoja. Mahindi yaache. Rudini kijijini wote, mkamwambie mtendaji amwite askari wa wanyamapori, yule ambaye wazee wetu walimwita bwana nyama.

Kama hukuona kitu, bado usilale chini. Dungu liwe juu, nguzo ziwe imara. Ukishapanda, vuta ngazi. Haja ndogo imalize mapema, maana kushuka gizani ni hatari. Mtoto asiachwe kulinda peke yake. Najua wengine hufanya hivyo, kwa sababu baba amechoka. Mtoto hawezi kazi hii.

Tena usimfuate kichakani nguruwe aliyejeruhiwa. Hugeuka, na meno yake hukata kama kisu. Kumwinda pia kunataka kibali. Muulize afisa wanyamapori wa wilaya kabla hujachukua silaha.

Lakini dungu na debe ni kazi ya kila usiku, na usingizi hauna mwenyewe. Afadhali nguruwe asiingie kabisa. Mtu mmoja hawezi, ila majirani kumi wanaweza. Zungusheni mashamba yenu wigo wa miti iliyobanana, au chimbeni handaki la kina. Nguruwe akikosa njia, simba hana cha kufuata huko. Kaeni mgawane vipande vya kazi hiyo wakati wa kiangazi, kabla mahindi hayajapandwa.