Angular 2: Miezi 23 ya kungoja toleo lililotangazwa mapema mno

Na Mwandishi Wetu

UCHAMBUZI

Jumatano ya Septemba 14, 2016, kampuni ya Google ya Marekani ilitangaza kuwa Angular 2 imekamilika na iko tayari kutumiwa na yeyote. Kwa msomaji wa kawaida wa magazeti tangazo hilo halikuwa na uzito wowote. Kwa waandishi wa programu za tovuti duniani kote, lilikuwa tamati ya kungoja kulikoanza mjini Paris mwezi Oktoba 2014, ambako kuliwagharimu baadhi yao zabuni, wengine wateja, na Google yenyewe nafasi ya mbele iliyokuwa nayo bila mpinzani wa maana.

Angular ni kiunzi, yaani msimbo ulioandikwa tayari ambao mtengenezaji wa tovuti huanzia hapo badala ya kuanza na ukurasa mtupu. Kiunzi humpa mjenzi nguzo na paa, kazi yake ikabaki kupanga vyumba. Faida yake ni wepesi wa kazi. Hasara yake ni kwamba nyumba yote husimama juu ya nguzo za mtu mwingine, na siku mwenye nguzo anapoamua kuzibadilisha, aliye ndani hana budi kusikiliza.

Toleo la kwanza, lijulikanalo kama AngularJS, chimbuko lake ni mwaka 2009. Mmoja wa waanzilishi wake, Miško Hevery, alikuwa Google akifanya kazi katika mradi uliokuwa umefikisha mistari 17,000 ya msimbo baada ya miezi sita. Hevery aliweka dau na mkuu wake, Brad Green, kwamba angeuandika upya kwa wiki mbili akitumia chombo alichokuwa akikiunda pembeni. Dau alilipoteza, kwa kuwa ilimchukua wiki tatu, lakini mistari ilishuka hadi 1,500. Baada ya hapo Google haikuhitaji kushawishiwa zaidi. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 2012, na katika muda mfupi AngularJS ikawa ndiyo jina la kwanza kutajwa pale ofisi ilipotaka mfumo wa kisasa unaofanya kazi ndani ya kivinjari.

Tatizo lilikuwa ndani ya ule urahisi uliowavutia watu. AngularJS iliweza kubadilisha kilichoonekana kwenye skrini kila data ilipobadilika, bila mwandishi kuagiza. Ili kufanya hivyo, ilirudia kukagua kila kitu kilichowekwa chini ya uangalizi wake, kimoja baada ya kingine, kila mtumiaji alipobofya au kuandika herufi. Kanuni iliyozoeleka ilikuwa kwamba ukurasa wenye vitu zaidi ya 2,000 vya kukaguliwa huanza kusuasua. Kwenye kompyuta ya mezani hilo lilivumilika. Kwenye simu za mkononi, ambazo kwa wakati huo zilikuwa zikichukua nafasi ya kompyuta kwa kasi, halikuvumilika. Isitoshe, lugha ya JavaScript yenyewe ilikuwa mbioni kupata kanuni mpya, zilizoidhinishwa Juni 2015, ambazo zilifanya sehemu kadhaa za AngularJS kuwa viraka visivyohitajika tena.

Kwa hiyo hoja ya kuandika upya ilikuwa na mashiko, na wanaodai hadi leo kuwa Google ilibadilisha kwa ajili ya kubadilisha tu hawawatendei haki wahandisi wale. Lililowapotosha ni mpangilio wa mambo.

Katika mkutano wa Paris, Oktoba 22 na 23, 2014, wahandisi Igor Minar na Tobias Bosch walipanda jukwaani na kueleza mambo yatakayoondolewa katika toleo la pili. Vilitajwa kimoja kimoja, navyo vilikuwa karibu kila kitu ambacho mwanafunzi wa AngularJS alifundishwa katika wiki yake ya kwanza. Msimbo mpya ungeandikwa kwa lugha iliyopewa jina la AtScript, ambayo watu hawakuwa wameizoea. Njia ya kuhamisha mfumo wa zamani kwenda mpya haikuwepo. Ahadi iliyotolewa ni kwamba toleo la zamani lingeendelea kutunzwa kwa miezi 18 hadi 24 baada ya jipya kukamilika. Ikumbukwe kuwa mwezi huo huo AngularJS 1.3 ilikuwa imetoka, na wapo waliokuwa bado wanajifunza mambo yake walipoambiwa kuwa wanajifunza kitu chenye mwisho.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Waandishi wa programu wa mwaka 2014 walikuwa na hali ngumu kuliko hiyo: walikuwa wameambiwa na mfumaji mwenyewe kwamba mbachao utatupwa, na msala ulikuwa bado uzi.

Hapo ndipo gharama ilipoanza. Kampuni ndogo inayomjengea mteja mfumo wa malipo au wa kumbukumbu haina anasa ya kungoja. Mteja akiuliza, "Mtatumia nini?", jibu la kusema AngularJS lilimaanisha kumuuzia kitu ambacho watengenezaji wake wamekwisha kukitangazia kifo. Jibu la kusema Angular 2 lilimaanisha kumuuzia kitu kisichokuwepo. Wengi walitafuta jibu la tatu, na kwa bahati mbaya kwa Google, jibu hilo lilikuwepo.

React, iliyotolewa na Facebook kwa umma Mei 2013, ilikuwa imeanza kwa kubezwa na wengi. Vue, kazi ya Evan You aliyewahi kuwa Google na kuitumia AngularJS huko huko, ilikuwa imetoka Februari 2014 na haikuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Rob Eisenberg, aliyekuwa amejiunga na timu ya Angular 2, aliondoka na Januari 2015 akazindua kiunzi chake, Aurelia. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichohitaji kushindana na Angular 2, maana Angular 2 haikuwa imeingia uwanjani. Vilishindana na kiti kitupu.

Mwaka 2015 timu ilijitahidi kuziba ufa. Machi mwaka huo ilitangaza kuachana na AtScript na badala yake kutumia TypeScript ya Microsoft, uamuzi ambao kwa maoni ya mwandishi huyu ndio uliokuwa wa busara kuliko yote katika kipindi hicho, na uliosaidia sana TypeScript kupata umaarufu ilionao leo. Baadaye ikaletwa njia ya kuendesha matoleo mawili ndani ya mfumo mmoja, ili mwenye nyumba aweze kubadilisha nguzo moja moja. Hicho ndicho kilichopaswa kusemwa Paris. Kilikuja karibu mwaka mmoja baadaye, wakati waliotaka kuondoka walikuwa wamekwisha kufunga virago.

Desemba 2015 lilitoka toleo la majaribio. Mei 2016 likafuata toleo lililoitwa teule, jina ambalo katika fani hii humaanisha kuwa kazi imekwisha na kilichobaki ni kusafisha kasoro ndogo ndogo. Wenye moyo wakaanza kujenga. Kilichofuata kiliwakatisha tamaa hata wale waliokuwa watetezi. Matoleo teule yalikuwa manane, kuanzia namba 0 hadi 7, na ndani yake mambo ya msingi yaliendelea kubadilika. Sehemu inayomhamisha mtumiaji kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine iliandikwa upya zaidi ya mara moja, kiasi kwamba kwa muda kulikuwa na kifurushi rasmi ambacho jina lake lenyewe lilisema kimeachwa. Agosti 2016, katika toleo teule la tano, ikaletwa namna mpya kabisa ya kugawa mfumo katika sehemu zake. Aliyekuwa ameamini neno "teule" alilazimika kupitia msimbo wake wote.

Mwezi mmoja baadaye ikakamilika. Na hapa pana kichekesho kidogo. Ile sehemu iliyoandikwa upya mara kwa mara ilikuwa imefikia namba 3 wakati nyingine zote zilikuwa namba 2. Ili namba zilingane, Google iliruka Angular 3 na kutoa Angular 4 Machi 2017. Waliokwisha kuumwa na nyoka walishtuka waliposikia namba 4, wakidhani wanaandikiwa upya tena. Haikuwa hivyo. Timu ilikuwa imeamua kutoa toleo kubwa kila baada ya miezi sita, mabadiliko yakiwa madogo na yenye kutabirika, na njia ya kuhama ikiandaliwa pamoja na toleo lenyewe. Utaratibu huo umedumu. Ni vigumu kuutazama bila kuuona kama jibu la timu kwa yaliyotokea kati ya 2014 na 2016.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu. Mjini Eldoret nchini Kenya, mpango wa AMPATH, unaounganisha Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi na vyuo vikuu vya Amerika Kaskazini, huhifadhi kumbukumbu za wagonjwa wa magharibi mwa Kenya katika mfumo unaotokana na programu huria ya OpenMRS. Msimbo wa kurasa zinazotumiwa na wahudumu uko wazi kwa umma, na majina yake yanatosha kusimulia kisa: mmoja unaitwa ng-amrs, ulioandikwa kwa AngularJS, na mwingine ng2-amrs, ulioandikwa kwa kiunzi kipya. Kwa Google kuandika upya ni suala la kupanga wahandisi. Kwa timu yenye watu wachache, ambayo kazi yake ni kuhakikisha daktari anaona dawa alizopewa mgonjwa mwezi uliopita, kujenga upande wa mbele mara mbili ni muda uliotolewa kwenye mambo mengine.

Upo upande wa pili wa shauri hili. Hofu iliyozuka Paris ilikuwa kubwa kuliko kilichotokea. AngularJS haikuzikwa ndani ya miezi 24. Ilipata matoleo ya 1.5, 1.6 na 1.7, hili la mwisho mwaka 2018, na matunzo yake yalikoma Desemba 31, 2021, baada ya kusogezwa mbele miezi sita kwa sababu ya janga la korona. Hiyo ni zaidi ya miaka mitano baada ya Angular 2. Aliyepuuza tangazo la 2014 na kuendelea na kazi yake kimya kimya alipata muda wa kutosha kuliko aliyekimbia usiku ule ule. Lakini hakuna aliyelijua hilo wakati huo, na meneja anayesaini mkataba husaini kwa kile alichoambiwa.

Tangu Januari 2022 mianya ya usalama ya AngularJS haizibwi tena na Google. Mifumo iliyojengwa juu yake ingali inafanya kazi, na yapo makampuni yanayouza huduma ya kuitunza. Ofisi inayomiliki mfumo wa mwaka 2013 au 2015 inaweza kumuuliza aliyeujenga swali moja tu, umesimama juu ya toleo gani, na jibu likaamua bajeti ya mwaka mzima.

Vue, iliyonufaika na kuchelewa kwa Angular, nayo ilipitia njia hiyo hiyo. Toleo lake la tatu lilitangazwa 2018 na kutoka Septemba 2020. Safari hii watengenezaji hawakulifanya kuwa chaguo la kawaida hadi Februari 2022, wakisubiri vifaa vingine vinavyolitegemea viwe tayari. Julai mwaka huo wakarudisha baadhi ya mambo mapya katika toleo la pili kwa ajili ya waliobaki nyuma, na toleo hilo la pili likafungwa rasmi Desemba 31, 2023.